Usiiangalie, Ikague

Igunga,
2 Juni 2024

Kwako baba,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti limepoa. Sisi hapa hatujambo, wajukuu wako wanakusalimu, Leodgar anasema umuwekee karanga mbichi.

Simu yako nimeichoka, baba. Nikipiga unasema "haloo, haloo, nani?" mpaka salio linakwisha. Kwa hiyo naandika. Kondakta wa basi ataiacha stendi ya Tabora, na Raymundi wa bodaboda atakuletea hapo Kwihara.

Uhamisho wangu umepita. Januari naanza kufundisha Tabora mjini, na nimepata nyumba ya kununua Isevya. Ni ya Kalpesh, mtoto wa marehemu mzee Ratilal wa duka la vitambaa. Vyumba vitatu, uzio, na mlimao uani. Hiyo ni akiba yangu yote ya miaka kumi na miwili ya kushika chaki. Nikikosea hapa sina nyingine, na watoto watakulia kwenye nyumba za kupanga. Kalpesh anataka jibu mwezi ujao.

Wewe umekuwa fundi mwashi miaka arobaini. Nakuomba kaikague. Usiende kama mgeni, ukakalishwa sebuleni ukapewa chai na sambusa, ukarudi unasema watu wale wakarimu. Nenda na timazi na pimamaji. Gonga kuta. Panda darini uone kama mchwa wameingia kwenye kenchi. Chimba kidogo pembeni ya msingi. Usiiangalie, ikague.

Mwanao,
Eustadia


Kwihara,
9 Juni 2024

Mwanangu Eustadia,

Milele amina. Marahaba, mama. Goti liko palepale na mimi niko palepale. Karanga tumevuna. Mbuzi wa Apolinaria wamekula mihogo yangu, na jirani yangu huyo anaapa kuwa si mbuzi wake, wakati mmoja ana kengele niliyomnunulia mimi mwenyewe.

Nimefika Isevya. Nimeiangalia nyumba. Usinunue.

Kwanza, barabara ile ina vumbi. Pili, jirani ana mashine ya kusaga, utakuwa kiziwi kama baba yako. Tatu, sebule imeelekea magharibi, jua la jioni litawachoma. Tafuta kiwanja, nitakujengea mwenyewe. Na usimtume fundi mwingine. Mafundi wa siku hizi ni waongo watupu, atakula hela yako akuambie maneno.

Baba yako,
Kasimiri Mihayo


Igunga,
20 Juni 2024

Baba,

Vumbi? Umejenga nyumba za watu Tabora nzima, nitajie moja isiyo na vumbi! Nimekutuma kwenye kuta na msingi, wewe unaniletea habari za jua. Mashine ya kusaga! Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta neno moja la kifundi, sijaliona.

Nadhani najua kinachokusumbua. Ni yaleyale uliyoyasema nilipoachana na baba Leodgar, mbele ya shangazi zangu wote, kwamba mwanamke hana kwake, ana kwa mume au kwa baba. Niliyameza siku ile. Leo nimeyatapika. Utanijengea wewe, na miaka sabini na mbili, na goti hilo? Sema tu kwamba hutaki mtoto wako wa kike awe na hati yenye jina lake.

Nimemwomba Vedasto aende. Nilisoma naye, ni fundi, na hana sababu ya kuniogopa wala kunionea wivu.

Eustadia


Kwihara,
29 Juni 2024

Eustadia,

Barua yako haina shikamoo. Nimeigeuza nyuma, nikaikung'uta bahasha, nikidhani imedondokea humo. Nimemwuliza hata Raymundi kama aliifungua njiani, kijana wa watu akakasirika.

Sikukulea hivyo.

Mwambie huyo Vedasto aangalie bati na milango, inatosha. Asichimbe msingi. Mtu hachimbi msingi wa nyumba ya mwenzake. Huo ndio ushauri wangu wa mwisho.

Baba yako


Igunga,
8 Julai 2024

Baba,

Amechimba.

Nakuandikia alichokiona, nawe nisikilize mpaka mwisho, maana barua haina haloo haloo. Kenchi ni za mninga, mchwa hawajazigusa. Bati lina matundu mawili, kazi ya asubuhi moja. Nyaya za umeme zimeungwa kwa mifuko ya nailoni, zitabadilishwa. Nyufa ziko nne, zimezibwa na plasta mpya na kupakwa rangi, na mmoja ukiubandua plasta unaingiza kidole gumba. Hapo ndipo Vedasto akashika jembe. Mawe ya msingi, baba, yamejengwa kwa udongo. Saruji imepakwa kwa nje tu. Ndani ukikwangua kwa kijiko mawe yanatoka. Lenta ya juu ya madirisha ameigonga kwa nyundo, imemwagika mchanga.

Akanitumia picha. Ya mwisho ni ya mfuniko wa chemba ya maji machafu uani. Juu yake fundi aliandika kwa kidole zege likiwa bichi: K.M. 1999. Nimeiweka picha kando ya barua yako ya tarehe 29. Hizo tisa zenye mkia uliokunjwa kama ndoano nimezijua tangu nikiwa darasa la kwanza, wewe ndiye uliyenifundisha kuziandika, na mwalimu akanichapa kwa ajili yazo.

Sasa nimeelewa kwa nini uliandika "nimeiangalia." Hukuwa na haja ya kuikagua. Ulikuwa unajua kilichomo!

Nami sihitaji kukuuliza saruji ya mzee Ratilal ilikwenda wapi. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilibeba maji kisimani, ndoo kichwani, safari baada ya safari, kuchanganyia saruji ya nyumba yetu hapo Kwihara. Nilikuwa najivuna! Niliwaambia wenzangu shuleni baba yangu anajenga nyumba ya saruji. Na mwaka uleule, kwa konzi moja ya karanga niliyochota kwenye ungo wa mama Apolinaria, ulinichapa fimbo sita, ukanipeleka nikapiga magoti mbele yake niseme mimi ni mwizi. Nilisema. Nimelibeba neno hilo miaka ishirini na mitano, kumbe halikuwa langu.

Kuna dereva wa lori anaitwa Nasri, ana watoto wanne, mdogo bado ananyonya. Anataka kuinunua nyumba ile nikiiacha mimi. Mvua za Novemba zikiukuta msingi ule, unajua wewe fundi nini kitatokea. Kalpesh hajui tulichokikuta, nami sitamwambia. Utamwambia wewe.

Eustadia


Kwihara,
4 Agosti 2024

Eustadia,

Hukuniamkia tena. Marahaba hata hivyo.

Nimekaa na barua yako karibu wiki nne. Wiki ya kwanza nilitaka kuichana. Unaniandikia kama karani wa mahakama, mimi niliyekubeba kwa baiskeli mpaka hospitali ya Kitete una degedege! Wiki ya pili nilikukasirikia zaidi, kwa sababu nilitafuta uongo ndani yake sikuupata.

Mvua ya Elnino iliangusha nyumba yetu ya udongo. Unakumbuka. Mama yako, marehemu Consolatha, alilala jikoni kwa Apolinaria mwaka mzima, na wewe na kile kikohozi chako. Mzee Ratilal alikuwa na tabia ya kuniamini. Alinipa funguo za stoo, akasema, "Fundi, kaa nazo, mimi sina muda wa kuhesabu mifuko." Laiti angehesabu! Nilichukua mmoja, nikasema nitarudisha. Halafu nikachukua mwingine. Baiskeli yangu ndiyo inayojua ni mingapi. Zile fimbo sita zilikuwa zangu, mwanangu, wewe ulizipokea tu.

Nimekwenda dukani kwa Kalpesh, na Nasri nikamwita awepo asikie. Kalpesh akanipa kiti, akaagiza chai. Sikukaa. Nimesema yote nikiwa nimesimama. Akasema, "Kila mwaka baba alikuwa anaziba nyufa zile, na kila mwaka alisema udongo wa Isevya mbaya. Amekufa analaumu udongo." Halafu akapiga kelele ambazo hata mimi nilizisikia vizuri. Akanitoa nje, na wateja wanaangalia. Nasri alitikisa kichwa akaondoka zake.

Baada ya siku tatu Kalpesh alimtuma mtu kuniita, akasema nirudishe saruji ya baba yake ilipotakiwa kuwa. Sasa tunachimba, mimi na Vedasto. Tunafukua chini ya ukuta hatua moja, tunatoa udongo wangu, tunatia zege na nondo, tunasubiri likauke, tunahamia hatua nyingine. Ng'ombe wangu wawili wamekwenda mnadani kulipia saruji. Saruji iko stoo na funguo anazo Kalpesh. Kila asubuhi anasimama mlangoni ananihesabia mifuko, mmoja, wawili, watatu, na kwa kuwa mimi ni kiziwi anahesabu kwa kupayuka, Isevya nzima inasikia. Nakasirika kila asubuhi, na hasira yenyewe sina pa kuipeleka.

Vedasto ni fundi mzuri. Nilimtukana bure.

Baba yako


Igunga,
19 Agosti 2024

Kwako baba,

Tumsifu Yesu Kristo.

Shikamoo. Shikamoo. Shikamoo. Moja ni ya leo, mbili ni zile nilizokunyima. Usiikung'ute bahasha, zote ziko hapo juu.

Lakini usidhani yamekwisha. Nimekasirika hata sasa ninapoandika, kalamu inatoboa karatasi. Nimekasirika kwa ajili ya mzee Ratilal na udongo wake. Nimekasirika kwa sababu mama alikufa ndani ya nyumba ile akikusifu. Na nimekasirika kwamba nikikufikiria ndani ya shimo, na goti hilo, na yule anapayuka, nataka kupanda basi nije nikutoe humo kwa mkono. Sitakutoa. Maliza.

Nimempigia Kalpesh. Amekubali kunisubiri. Sijasema nanunua. Nakuja Jumamosi ya tarehe 31 na basi la kwanza. Usinipokee stendi, nitakukuta shimoni. Nitaleta timazi yangu, nimeshanunua, na nyundo. Hakuna chai. Nitagonga kila hatua uliyoijenga upya, na panapolia kama mtungi mtupu utabomoa.

Nikimaliza Isevya tutakwenda wote Kwihara, nikagonge na kuta zetu. Niliondoka pale nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na katika miaka yote niliyolala humo sikuona ufa hata mmoja.

Mwanao,
Eustadia