Fuata Moshi wa Majani Mabichi

Yaeda Chini, chini ya mlima, karibu na maji

Kwako mwanangu Paskali, dereva wa trekta, shamba la ngano, Basotu.

Marahaba, mwanangu. Nimeitika mapema kwa sababu najua ukifungua karatasi hii mdomo wako utasema shikamoo kabla macho hayajasoma. Hujambo? Mama yako hajambo? Wale watoto bado wanakohoa? Mimi mzima, nina nguvu kama fahali. Baba yako mdogo Sulle si mzima. Ndiyo maana naandika, kwa mkono wangu mwenyewe, na mwalimu wa kisomo aliwahi kuwaambia wenzangu wautazame mwandiko wangu wajifunze.

Ng'ombe wamefika wote. Majani yapo mengi, hayajaguswa na jembe lenu. Hilo nilisema, mkabisha. Lakini mvua ilitukuta njiani na haijatuacha. Sulle alianza kutetemeka siku tuliyovuka mto. Maziwa mabichi yakiingia yanatoka. Alitaka kitu cha moto tu.

Unakumbuka kile kiberiti ulichonipa mlangoni nikakurudishia. Nilikuambia boma jipya haliwashwi kwa kiberiti, moto wake anaupekecha mwenye boma kwa mikono yake, ndivyo baba yangu alivyofanya alipohama. Na kwa kupekecha hakuna wa kunishinda kwetu Gitting nzima, wewe mwenyewe umeniona nikiwasha mtu hajamaliza kujaza kiko. Basi nikapekecha. Kijiti kilikuwa kimevimba kwa unyevu. Kikatoa moshi kidogo kama wa kunidhihaki, kikanyamaza. Nikapekecha mpaka viganja vikachubuka. Sulle amejifunika ngozi, meno yanagongana, akaniambia, "Kaka, washa hata kwa kiberiti cha shetani. Boma lenyewe bado ni miiba tu."

Kumbe alikuwa nacho. Ulimpa kwa siri, nyinyi wawili mnanijua sana. Nikasema hapana, tungoje jua litoke, vijiti vikauke. Kiberiti kikabaki juu ya mzigo, mvua ikarudi, na tulipokitafuta vichwa vya njiti vilikuwa tope. Viberiti vya siku hizi havina maana, nimesema siku zote.

Aliyetuletea moto ni mama mmoja wa Kibarabaig, jirani yetu hapa. Aliona kwetu hakuna moshi, akaja na kaa la moto ndani ya kipande cha chungu, amelifunika majivu, na chini ya ngozi yake amebeba mavi makavu ya ng'ombe na nyasi alizochomoa ndani ya paa la nyumba yake. Akanitazama ninavyopekecha, akaniuliza, "Mzee, unatwanga nini?" Akanisogeza pembeni kama mtoto. Akaliweka kaa ndani ya nyasi, akapuliza polepole, si kwa nguvu kama tunavyopuliza sisi, moto ukakubali. Ningeupata mwenyewe, jua lingetoka tu.

Nikachagua mafiga mazuri ya mviringo kutoka mtoni, nikabandika sufuria ya uji. Ulipoanza kuchemka, figa moja likapasuka kama bunduki. Sufuria ikalala, unga wetu wa mwisho ukazima nusu ya moto. Yule mama akasema mawe ya mtoni yamekunywa maji, hayapikiwi, kila mtoto wa huku anajua. Mawe ya kwetu hayana tabia hiyo. Sulle akautazama uji ukiingia ardhini, akacheka, halafu akalia. Hakulia hivyo hata tulipomzika mama. Nilikwangua uliobaki kwa kidole nikamlambisha.

Sasa hasemi. Macho yamekuwa ya manjano. Nachemsha maziwa juu ya mawe ya mlimani, namdondoshea kwa kijiko, mengi yanapita shavuni. Namwita kwa jina lake la utotoni, haitiki.

Paskali, njoo na trekta. Najua nilichosema siku matrekta yenu yalipolima malisho yetu, watu wote walisikia, na sifuti neno. Lakini gari halipiti tope hili, na juu ya punda hatafika hospitali. Mwombe mkubwa wenu trekta na tela. Mwambie anayeomba ni yule mzee aliyempigia kelele mbele ya watu. Akitaka mtu wa kumpigia magoti, Sulle akipona nitakuja kupiga mwenyewe.

Lete unga. Lete na kiberiti, ukifunge kwenye nailoni. Mama yako akiuliza, sema ni cha Sulle.

Barua hii inaletwa na mnunuzi wa ng'ombe, mpe chai. Msalimie mama yako, mwambie ile ngozi aliyonifungia ndiyo inamfunika shemeji yake. Msalimie shangazi yako mkubwa, na katekista, mwambie asiache kutuombea. Msalimie mke wa Sulle, lakini habari ya macho usimsomee.

Huku njia zote zinafanana. Ukishuka mlima tafuta moshi. Naweka majani mabichi juu ya moto kutwa, silali, naulinda. Utauona mweupe, mnene, hakuna mwingine bondeni anayeutoa hivyo. Usipouona usigeuze trekta. Njoo hivyo hivyo ukiita jina la baba yako mdogo. Asipoitika yeye, nitaitika mimi.

Ni mimi baba yako,
Bura, mwenye boma