King'ora Asichokisikia Nahodha

Karakana, 4 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kile kikohozi kimeniacha. Goti la mama linaendeleaje? Na mgongo wako? Barua hii nampa dereva wa lori la vipuri, maana simu zetu unazijua: mimi nasema, wewe unajibu "haya, haya", na tukikata hujapata hata neno moja.

Baba, nina hofu na sina budi kuisema. Wiki hii nimehamishiwa meza ya kupimia masanduku ya betri. Ndiyo haya haya mliyofungiwa ninyi mwezi uliopita, watu wa mradi wa kupunguza hewa ukaa walipoing'oa injini ya dizeli ya boti yenu. Fundi mkuu alilipasha moja joto makusudi ili tuone. Joto likizidi, king'ora kidogo kinalia. Ukizima swichi kuu hapo hapo, sanduku linapoa. Safari hii hakuzima. Tulihesabu dakika sita, kisha ukatoka moshi mweupe, tukakimbilia nje tukisukumana mlangoni. Moto wake ukishika, maji hayauzimi.

Ninyi kuvuka hadi ng'ambo ni dakika ishirini na tano. Na king'ora chenyewe kinalia kwa sauti nyembamba kama mbu. Sauti nene bado unazipata, baba, lakini nyembamba zote injini ilishazimaliza.

Siku ya kipimo cha masikio cha manahodha ni mimi niliyekaa nyuma ya muuguzi. Kila taa ya mashine yake ilipowaka niligusa mtandio, nawe ukanyoosha mkono. Tulicheka njia nzima kurudi nyumbani. Sasa sicheki. Nakuomba uwaambie watu wa mradi kwamba husikii, kabla hakijatokea kitu.

Binti yako


Gatini, 12 Machi

Mwanangu fundi,

Marahaba. Huku hatujambo. Goti la mama yako linauma siku ambazo hana wa kumgombeza. Akipata wa kumgombeza linapona. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimejifungia bafuni ili asiione sura yangu.

Kwanza niisifie boti. Zamani nilikuwa nikipenga kamasi nyeusi, siku hizi leso inarudi mfukoni safi. Abiria wanashuka nguo hazinuki mafuta. Bwana wa mradi alituambia tulikuwa tunachoma lita arobaini za dizeli kwa siku, na kwamba moshi wa viboti kama vyetu, ukijumlishwa wote, si mchezo. Nilimbishia sana. Baadaye nikatazama dari la chumba cha usukani lilivyokuwa jeusi, nikaacha kubisha.

Lakini kwa kuwa umeniambia ukweli, nami nikwambie wangu. Naogopa. Injini ya zamani niliisikia kwa nyayo. Ikikohoa, nyayo zilijua kabla ya mtu yeyote mle ndani. Sasa mbao zimetulia kabisa, nasimama pale sijui chini yangu kuna nini. Kwenye mafunzo walieleza habari za king'ora, wakakiliza tukisikie. Wenzangu waliitikia kwa vichwa, nami nikaitikia.

Nikisema, watanishusha. Miaka thelathini na nne nimeshika usukani ule, mwanangu. Nje ya kile chumba mimi ni mzee wa kuuliza "unasemaje?" Usinisemee. Yupo Kasuku, mshika kamba wetu. Masikio yake mazima, na mdomo wake mzima zaidi. Kikilia ataniambia.

Baba yako


Karakana, 19 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini mko salama, mimi nipo, ila usingizi nao umenihama.

Umeniandikia kwamba Kasuku atakuambia. Je, aliitwa kwenye mafunzo? Huku tuna orodha ya waliofundishwa na jina lake halimo, ni manahodha tu. Anajua ile sauti ina maana gani? Muulize swali moja tu, kwa upole, asishtuke: kimewahi kulia?

Kisha uniandikie alichokujibu, kama kilivyo. Usinipunguzie.

Binti yako


Gatini, 27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako anakusalimu. Hajui naandika nini.

Nilimuuliza Kasuku. Akasema kimelia mara tatu tangu tufungiwe. Nikamuuliza, mbona hukuniambia? Akashangaa. Akasema, "Nahodha, si ulikuwepo? Mara ya kwanza mimi nilishtuka, abiria nao wakaanza kunong'ona. Tukakutazama. Wewe hukugeuka hata shingo, umeshika usukani kama kawaida. Nikawaambia tulieni, mzee angekuwa na wasiwasi mngemwona." Mara ya pili kikalia mpaka tukakaribia gati, tukapunguza mwendo, kikanyamaza chenyewe. Mara ya tatu mtoto alikuwa amelala, mama yake akalalamika, Kasuku akakifunga kwa kitambaa.

Abiria wananisifu, mwanangu. Wanasema huyu mzee hana presha. Kumbe wananisifia uziwi.

Nilikitoa kile kitambaa kwa mkono wangu. Watu sitini na moja siku ile ya pili. Nimewahesabu kwenye daftari la safari.

Hata hivyo nakuomba, niachie mpaka mwezi ujao niseme mwenyewe. Nimemwambia Kasuku akisikia tena aje anishike bega.

Baba yako


Karakana, 29 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Sijui kama utaiitikia.

Barua yako imefika saa nne asubuhi. Saa nne na nusu nilikuwa mbele ya fundi mkuu. Nimemweleza yote, na habari ya mtandio pia, kwamba aliyedanganya ni mimi sawa na wewe. Nimeondolewa meza ya vipimo, sasa naosha vyuma, na sijui kama watanibakiza. Hilo sikulilii.

Jumatatu watakuja kukushusha, na masanduku yatakaguliwa. Lori linaondoka sasa hivi, kwa hiyo barua itafika kabla yao. Nimempigia na mama. Tafadhali, baba, usipande tena boti hiyo hata safari moja. Kasuku kukushika bega haitoshi, akiwa mbele na kamba atakufikia saa ngapi katikati ya watu wote wale?

Nikasirikie. Nimekubali unikasirikie ukiwa hai.

Binti yako


Karakana, 30 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mwezi umepita. Dereva wa lori anasema anakuona gatini umekaa, akikuuliza kama una barua unatikisa kichwa. Mama ananiambia unakula. Nimefurahi kwamba unakula.

Binti yako


Gatini, 17 Mei

Mwanangu,

Marahaba, zile zote ambazo sikuziitikia. Nilikuwa na hasira nawe, tena nyingi. Nilishushwa mbele ya abiria wangu, nikampokeza usukani mwanamke aliyetoka boti za mizigo, na kwa wiki sita sikukanyaga ile boti. Jana mama yako alitaka kwenda ng'ambo kwa dada yake, akakataa kwenda peke yake. Nikapanda kama abiria, tukakaa benchi la nyuma. Sikutaka watu wanione.

Tulipofika katikati, watu wote wakainuka. Wote kwa pamoja, mwanangu, na mimi sikusikia kitu. Maji yametulia, jua linawaka. Nikaona midomo inachezacheza, mama yako amenikamata mkono, kucha zimeingia. Nikaelewa. Na kumbe benchi tulilokalia liko juu ya sanduku lenyewe. Nilisikiliza kwa nguvu zangu zote. Hakuna kitu.

Kisha kikatokea ambacho hakinitoki. Watu waligeuka kunitazama mimi, kwa mazoea yao. Wakaniona nimekaa. Na mmoja akakaa. Na wa pili. Mama mmoja mwenye kapu alinitabasamia, akakaa naye.

Nilisimama. Nikasema, sijui kwa sauti gani, maana sijisikii: "Mimi ni kiziwi. Msinitazame mimi. Inukeni, nendeni mbele." Miaka yote ile sijawahi kulitamka neno hilo. Walisogea. Nahodha mpya alikuwa ameshazima swichi, tayari ameiita boti ya mizigo ikaja kutuvuta. Masanduku yalishakaguliwa, ila nyasi za majini zilikuwa zimeziba bomba la maji ya kupozea. Sanduku lilipofunguliwa lilikuwa limeanza kuvimba.

Tumefika salama, sote. Mama yako hajaniachia mkono mpaka leo asubuhi.

Kama ningekuwa mimi kwenye usukani, mwanangu, tungeendelea tu kwenda, watu wote wamekaa, wametulia.

Baba yako