Upande Wako wa Kabati la Gemu

Somanda,
S.L.P. 47,
Bariadi, Simiyu.
18 Mei 2025

Mpendwa mjomba Luhaga,

Mwangaluka, mjomba. Huenda barua hii utaisoma jioni, lakini mimi naiandika asubuhi baada ya ibada ya kwanza, kwa hiyo ipokee hivyohivyo. Hamjambo huko Katavi? Mama Jilala na watoto ni wazima? Mguu ule uliokanyagwa na dume umepona, au bado unachechemea na kusingizia uzee? Sisi huku ni mhola, isipokuwa baba. Habari zake ndizo zimejaa humu, lakini zisikushtue, soma polepole.

Mvua zilikuja kwa kujivuta, ila pamba imekubali. Ukishika njia ya Nkololo sasa hivi unaona weupe pande zote, na upepo ukivuma nyuzi zinaruka hadi barabarani na kutua kwenye nywele za watu. Msimu huu hunifanya nitembee huku nikiota. Mama anasema iko siku nitagongwa na bodaboda, na nadhani anasema kweli.

Ningekupigia, lakini simu yako hushika mpaka upande kichuguu, halafu inakatika maneno yakiwa mdomoni. Na hili si jambo la kupiga kelele kwenye simu. Shemeji yake rafiki yangu Kasmiri anakuja Mpanda kununua mpunga, ndiye atakayekuletea.

Ulisikia kwamba kiharusi kilimwacha baba na mkono na mguu wa kulia uliogoma. Ambalo hukulisikia ni kwamba aliacha kukaa barazani. Aliomba kiti chake kigeuziwe ukutani, ndani. Ngoma ikipita barabarani anamwambia mama afunge dirisha. Baba huyuhuyu, Maduhu manju wa kundi la Bagalu, mpinzani wako wa ngoma, ambaye ulikuwa ukisikia anacheza kule Shishiyu unakosa usingizi! Daktari alisema mkono utarudi taratibu akiufanyisha kazi, lakini nani atamfanyisha kazi mtu asiyetaka? Niliogopa, mjomba. Niliona tunamzika kidogo kidogo akiwa amekaa.

Sasa nikukumbushe kitu. Ulipokwenda Mwanza kuuza ng'ombe ukanichukua nami, palikuwa na duka lenye kabati refu la gemu, kioo kinawaka, watoto wamelizunguka. Ulinisimamisha juu ya kreti ya soda ukanishika kiuno nisianguke. Mchezo wenyewe siukumbuki. Nakumbuka mwanga ukinipiga usoni, na wewe nyuma yangu unauliza kama tumeshinda. Nadhani ufundi wangu wa tivii ulianzia pale, maana tangu siku ile kila kioo kinachowaka nataka kujua nyuma yake kuna nini.

Kabati lile limekuwa likinijia ndotoni miaka yote hii. Mwezi wa pili mteja mmoja aliniachia tivii bapa iliyovunjika fremu, akasema haitaki tena. Nikaiwasha, kioo kizima. Nikakaa nayo dukani, nje vumbi linapita, nikaliona lile kabati limesimama mbele yangu, na ndani yake hakuna ndege wala magari. Kuna uwanja, kuna manju wawili wanatazamana, na katikati kuna watu.

Nilimweleza Kasmiri, seremala aliye jirani na duka langu, akakubali kabla sijamaliza. Ametoa mbao za mninga zilizobaki kwenye vitanda alivyotengeneza. Vitufe ni vile vya kengele za milangoni. Mikono ya kuchezea tumeifunga virungu vya gea za trekta, na spika ni za gari lililokufa. Ukilitazama kwa nyuma utacheka, nyaya zimelala humo mithili ya matumbo ya mbuzi. Kwa mbele, mjomba, linapendeza, wala sijisifu.

Mtaani walidhani tunaunda dubwi, zile mashine za kamari zinazowamaliza vijana. Mama Felisita wa jumuiya alifika dukani kwa upole, akazunguka kabati lote akitafuta tundu la kuingizia sarafu. Alipolikosa akaomba msamaha, kisha akauliza sasa litakuwa na faida gani. Nikarudi kwenye nyaya zangu.

Gemu yenyewe tumeitunga na Harieth, mwalimu wa kompyuta aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba. Ngoma zetu hazijui, basi ilinibidi nimweleze tangu mwanzo. Nilimwambia huku manju wawili, kila mmoja na kundi lake, wanacheza kwa wakati mmoja, na watu huhama wenyewe kwenda kwa anayewavuta. Yeye alitaka kuweka pointi pale juu ya kioo. Nikamkatalia, watu ndio pointi. Ukigonga kitufe chako sawasawa na mdundo, vumbi linapanda na watu wadogo wenye khanga na miavuli wanaanza kusogea upande wako. Ukikosea wanakuacha. Na dawa ya kuvuta watu humo hakuna, mjomba, kwa hiyo safari hii huna pa kumsingizia baba.

Harieth aliniuliza ikiwa mtu atacheza peke yake, watu waende wapi. Nikamjibu palepale bila kufikiri kwamba wasimame. Nani anaamua ngoma ya mtu mmoja? Akaandika hivyo.

Tulilileta nyumbani Jumamosi ya tarehe kumi kwa mkokoteni. Hapo ndipo akili ilipoturudia. Tulikuwa tumelijenga la kuchezea mtu akiwa amesimama, kama lile la Mwanza, wakati anayetengenezewa hasimami. Kasmiri alikata miguu ya kabati palepale uani, vumbi la mbao linamrukia usoni. Baba alikuwa ndani anasikia msumeno na hakuuliza.

Nilimwomba atoke aone kazi yangu tu, basi. Alikataa. Nikamwambia hata wigashe huchezwa watu wamekaa, na hakuna aliyewahi kusema si ngoma. Akamwashiria mama ageuze kiti. Tukamtoa hadi barazani. Jua lilikuwa limelegea, la rangi ya asali, na nyuzi za pamba zinapita hewani polepole. Kabati likawaka. Alilitazama kwa jicho la pembeni, kama anavyotazama ng'ombe wa mtu asiyemwamini.

Ngoma ya upande wake niliirekodi mwenyewe kwa simu, Nkololo, kwenye sherehe ya mavuno mwaka jana. Nilijivunia sana sauti yake. Nikaiwasha. Baba alishtuka, uso ukambadilika, nikadhani anaumwa.

"Zima," akasema. "Hiyo ni ya Luhaga."

Mjomba, nilikuwa nimempa baba yangu ngoma ya Bagika, kundi lako! Mimi, mtoto wa Maduhu! Pale Nkololo makundi yalikuwa mawili na mimi nilirekodi huku nikiota, sikujua simu imeelekea wapi. Nilitaka ardhi ipasuke. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi kuona kulikoni. Na baba, aliyekuwa hataki hata kusikia ngoma ikipita, akaniambia nisogee karibu, akaanza kunigombeza kuhusu mdundo. Akasema sisi Bagalu tunaanza hivi, tunavuta, tunaacha pengo, ndipo tunarudi. Aliugonga kwa mkono wa kushoto ubavuni mwa kabati. Akaurudia. Mninga ukaitika. Mara ya tatu niliona vidole vya mkono wa kulia vikihangaika mapajani, vinatafuta sehemu yake.

Nililia, mjomba, sikuficha. Mama naye alilia, akisema ni moshi wa kuni.

Tuliurekodi mkono wake palepale, na ndio unaopiga upande wa Bagalu sasa. Ile niliyoikosea tumeihamishia upande wa pili. Kila jioni anatoka. Kitufe ameomba kiwe kulia. Siku za kwanza alikuwa anausukuma mkono ule kwa mkono mwingine. Juzi kidole cha shahada kilikibonya chenyewe, mara moja, kikachoka. Simwambii mtu kwamba amepona. Nakwambia tu kwamba kidole kilibonya.

Kasmiri alitaka kukaa upande wa pili wacheze wawili. Baba akamwambia hapo pana mwenyewe. Harieth naye alijaribu, akajibiwa hivyohivyo, kwa adabu zaidi. Basi anacheza peke yake, vumbi linapanda, ngoma inalia vizuri, na wale watu wadogo hawasogei. Nilimwambia Harieth anaweza kurekebisha ili wamfuate. Baba amekataa kabisa. Anawatazama mpaka giza linaingia, halafu anasema tuzime, kesho tena.

Mjomba, sikulazimishi. Najua ng'ombe hawaachwi hovyo na nauli si mchezo. Lakini Jilala sasa ni mtu mzima, anaweza kulinda zizi. Mwezi wa sita ngoma zitaanza huku, na wewe hujakanyaga hapa tangu msiba wa bibi. Daktari hasemi baba ana muda gani, na sisi hatumuulizi. Njoo ukae kwenye kile kiti.

Mama, dada yako, anakusalimu mwenyewe kwa mkono wake, alama hii ya mafuta kwenye karatasi ni yake. Nilimkumbusha jinsi alivyoenda uwanjani kukushangilia wewe kaka yake, akaishia upande wa baba na kuolewa hukohuko. Bado anadai alifuata kivuli. Anasema ukija safari hii atakaa katikati na hatasogea. Msalimie sana Mama Jilala, na Jilala, na Shida mdogo, umwambie nimemwekea kreti ya soda ya kusimamia.

Mungu awalinde ninyi na mifugo yenu, awape majani na maji karibu, na njia ya kuja huku aisafishe. Wabeja sana kwa ile siku ya Mwanza, sikuwahi kukushukuru.

Mpwa wako akupendaye daima,
Kwandu Maduhu

Baba ameomba maneno yake niyaweke mwisho kabisa, ili ndiyo ubaki nayo. Anasema hivi: "Luhaga, watu wamesimama. Njoo tuwagawe."