Yadi Kumi za Misumari

Jumapili, 13 Aprili

Nimeshika tena ile nguzo ya rangi ya chungwa tangu saa saba mchana mpaka saa kumi. Miguu imevimba. Mvua yote imeishia mgongoni mwangu na hakuna aliyenipa hata chai.

Mchezo wenyewe ni upuuzi. Wanauita mpira wa miguu, na mguu hauugusi mpira ila mara moja moja. Wanaume wazima wamevaa helmeti na mito mabegani, wanagongana sekunde tano, halafu wanasimama dakika nzima kuzungumzia walivyogongana. Timu inayoshambulia ina majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Kuna mnyororo wa yadi kumi, nguzo huku na nguzo kule, na ikizuka shaka tunauingiza uwanjani kupima.

Wazee wa wachezaji ndio hushika mnyororo, bure. Mwanangu Zakaria anachezea timu ya Misumari, kwa mshahara. Kwa hiyo nashika.

Misumari wameshinda. Mwenye timu, muuza madirisha wa Sutton Coldfield, upande wa matajiri, alikimbilia uwanjani na viatu vyake vya ngozi, akateleza, akaanguka. Hilo lilinifurahisha.

Jumanne, 15 Aprili

Niandike makubaliano wazi, yasije yakageuzwa. Zakaria ni fundi wa signali za reli. Kazi ya maana. Amechukua likizo ya bila malipo mpaka msimu uishe, eti adake mipira. Nilinuna wiki tatu. Mama yake, Halima, ndiye aliyetupatanisha: Misumari wakiingia nusu fainali, Zakaria anaacha reli na mimi nafunga mdomo maisha. Wasipoingia, anarudi kazini Jumatatu inayofuata bila neno.

Tulipeana mikono mezani. Naomba washindwe. Nasema hapa tu, maana Halima akinisikia atanihamishia sebuleni.

Jumapili, 27 Aprili

Wameshinda tena. Aibu.

Jumapili, 11 Mei

Mara ya tatu mfululizo. Mtaa wetu wote wa Coventry Road sasa ni wataalamu. Muuza nyama, ambaye mwezi jana alidhani ni raga, leo amenikatia mbuzi huku akinipa hongera. Hongera ya nini? Nimeshika mti.

Kinachoniudhi zaidi ni upimaji. Nilipima ardhi Kenya miaka ishirini na saba, Garissa mpaka Kitale. Nimevuta mnyororo kwenye miiba. Nimeuvuta mbele ya ndugu waliokuja na mapanga, kila mmoja akitaka bikoni, alama ya mpaka, isogee upande wa mwenzake. Sikuwahi kulegeza mkono kwa ajili ya mtu. Mnyororo ukilegea, shamba la mtu limeibwa. Hapa refa anaweka mpira chini kwa kukisia, kwa macho tu, baada ya watu kumi kuulalia. Halafu anatuita tupime mpaka upana wa kidole! Ukianza kwa kukisia, unapima nini?

Nilimwambia hayo Gurdev, anayeshika kibanio cha katikati ya mnyororo. Kalasinga wa Kisumu, mjukuu wake naye yumo kwenye timu. Tunazungumza Kiswahili kwa sauti mbele ya marefa wote, tunawasengenya wakiwa wamesimama hapo hapo. Ndiyo raha pekee ya kazi hii.

Jumapili, 1 Juni

Wamefungwa. Hatimaye.

Mrusha mpira wao, Mmarekani aliyeletwa kwa ndege na kupigwa picha kama bwana harusi, amevunjika kidole. Kimoja. Alilia. Kocha alitupa kofia chini, akaiokota, akaona haitoshi, akaitupa tena.

Jumapili, 15 Juni

Wamefungwa tena, vibaya. Mwenye timu aliondoka kabla ya mwisho, gari lake likatumwagia matope. Coventry Road kimya. Muuza nyama amerudi kuzungumza habari za nyama.

Nilitakiwa nifurahi. Zakaria alikula amesimama jikoni, barafu begani, hakumtazama mtu. Chai yangu haikuwa na ladha. Labda Halima alisahau sukari.

Jumapili, 29 Juni

Zakaria amedaka mpira leo kwa mkono mmoja, hatua mbili kutoka kwenye nguzo yangu. Nikapiga kelele. Mimi! Refa wa pembeni akanikemea: watu wa mnyororo hawashangilii. Njia nzima kwenye basi nimejichukia.

Walishindwa hata hivyo. Wangeshindwa hata na wanawake wa darasa la Qur'ani la Halima.

Jumatano, 16 Julai

Imebaki mechi moja. Wakishinda Jumapili, nusu fainali. Wakishindwa, reli.

Kocha amewaambia wachezaji wajione simba. Wengine wao hata vidole vyao vya miguu hawavioni kwa vitambi. Halima amelitoa koti la kazi la Zakaria kabatini na kulifua, "likihitajika." Limetundikwa kwenye ngazi. Kila mtu analipita kama mgeni asiyealikwa.

Naomba washindwe. Nimeliandika tena ili nisisahau.

Jumapili, 20 Julai

Niandike yote.

Zilibaki sekunde arobaini. Misumari nyuma kwa pointi tatu, jaribio la nne, la mwisho. Zakaria akadaka mpira, wakamwangukia watano. Refa akakisia, kama kawaida yake, akauweka mpira chini, akatuita. Ukifika yadi kumi, Misumari wanaendelea. Usipofika, basi.

Tuliingia. Gurdev akapiga goti na kukishikilia kibanio kwenye mstari mweupe, mnyororo usihame hapo. Mimi nikaipeleka nguzo ya mbele mpaka kwenye mpira. Mnyororo ukivutwa sawasawa, nguzo inakwenda mbali. Ukilegea kidogo, nguzo inabaki karibu, na mpira unaonekana umeipita. Hakuna siri hapo. Mtoto wa shule anajua.

Gurdev akaniambia, bila hata kunong'ona, kama tulivyozoea, "Aden bhai, usivute sana. Hiyo kijana ni yako."

Jitu moja la timu pinzani lilikuwa limeinama hapo pembeni. Likavua helmeti. Mkongomani.

"Papa, vuta muzuri. Miye nasikia byote."

Gurdev akawa mwekundu mpaka kwenye mizizi ya ndevu. Msimu mzima tumewatukana watu kwa lugha hii, tukajiona wajanja. Lakini Gurdev alikuwa amechelewa. Kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimetazama chini, nikaona mnyororo umelala kwenye nyasi. Mkono wangu ndio uliokuwa umeulaza. Hakuna aliyeniambia. Miaka ishirini na saba, na mapanga yote yale.

Nikavuta. Mpira ulipungua upana wa kidole gumba. Zakaria alikuwa amepiga magoti upande wa pili, haangalii mpira. Alikuwa anaangalia mikono yangu.

Niliomba washindwe, wameshindwa. Najisikia vibaya sana. Yule Mkongomani alinipa mkono wakati wa kutoka, akaniita Papa tena, yaani baba kwa Kiswahili cha kwao, kwa heshima. Ingekuwa afadhali kama angenitukana.

Jumatatu, 21 Julai

Zakaria ameamka kabla yetu. Ameswali, amevaa koti la reli, amekaa kwenye ngazi kufunga viatu. Bila neno, kama tulivyokubaliana. Nikamjazia chai kwenye chupa. Sijawahi kufanya hivyo. Nilitafuta kifuniko mpaka Halima akanionyesha kilipo.

Mlangoni akageuka. Huyu huelewa Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza, tangu utotoni; Kisomali chetu amebakiza Aabo tu, yaani baba. Kwa Kiingereza hicho hicho akaniambia kwamba aliuona mnyororo umelegea. Kabla Mzee Gurdev hajasema kitu.

Nikamwambia mkono ulichoka.

Akaitia chupa ya chai kwapani. "Haya, Aabo," akasema. "Pumzisha mkono." Kwa Kiswahili.

Akaenda kuwahi treni. Nimefua ile fulana ya chungwa ya watu wa mnyororo, nimeianika uani, "ikihitajika." Kuna mawingu, lakini sijaitoa.