Koili ya Birika la Madiwani

Jumatatu, 1 Julai 1996

Mita za manispaa tena, ndiyo kazi ya fundi wa umeme. Soko, bohari, zahanati, ukumbi. Mvua ya mawe imenikuta njiani. Viatu chepechepe, magoti yanauma.

Karani wa Mji anataka bili ya stima ipungue, na ameshampata mkosaji: hita ya wodi ya wazazi, pale wanapolala watoto wachanga. Wodi na ukumbi wa madiwani vinatumia mita moja. Ukumbi yeye hauoni. Mita isiposhuka, Ijumaa ya wiki ijayo niing'oe hita. Kazi gani hii.

Jumatano, 3 Julai

Nimezima hita kidogo, Sista Chepkoech, muuguzi wa wodi, akiwafunika watoto. Gurudumu la mita likaendelea kukimbia. Nikaiwasha, nikaenda ukumbini nikazima birika kubwa la stima la chai. Gurudumu likalegea kama ng'ombe aliyeshiba.

Kumbe. Birika linachemka kutwa nzima, diwani aje asije.

Alhamisi, 4 Julai

Nimemweleza Karani. Amenisikiliza akiwa na kikombe mkononi. Eti mgeni aingie ukumbi wa Kericho akose chai ya moto? Tutachekwa mpaka Bomet. Hita itoke.

Nimekasirika hata nikasahau mwavuli ofisini kwake. Sirudi kuuchukua.

Jumanne, 9 Julai

Baridi kali. Mchuma chai mmoja amejifungua kabla ya wakati. Mtoto mdogo mno. Sista amemlaza karibu na hita, na mimi hanisemeshi. Anajua kuhusu Ijumaa. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 11 Julai

Birika limeungua. Maji yalikauka, koili, ule waya wa kuchemshia, ikakatika. Rael, mpika chai wa ukumbi, anasema alikuwa ameenda wodini kumwona yule mtoto. Rael huyu ambaye sijawahi kusikia ameunguza hata uji. Sikumuuliza zaidi.

Karani anataka litengenezwe leo leo. Nimemwambia koili ni mpaka itoke Nairobi.

Koili ya akiba iko kwenye droo yangu. Mpya, hata karatasi haijatolewa.

Ijumaa, 12 Julai

Nimempeleka Karani kwenye mita. Hita inawaka, birika limekufa, gurudumu linajikokota. Ameinama akaisoma mwenyewe, mikono mfukoni.

"Basi hita ingoje kwanza, mzee," amesema.

Nimepitia ofisini kwake nikachukua mwavuli.

Jumatano, 24 Julai

Rael sasa anapika kwa jiko la makaa, chai inafika ukumbini kwa thermos. Leo diwani mmoja amelalamika kwamba inanuka moshi.

"Na maziwa yenu ya mursik je, mheshimiwa?" Rael akamuuliza. "Si mnatia mkaa kwa kibuyu na mnakunywa tu?"

Wamecheka. Wakanywa.

Yule mtoto ameenda nyumbani na mamake. Kitanda kilichokuwa chake kina mwingine, mdogo vilevile.

Jioni Karani ameuliza kama koili imefika. Nimesema bado. Nimefunga droo kwa ufunguo, nikaenda zangu kulala.