Buni Niliyokataa Kutafuna

Ijumbi, Muleba,
Jumanne, 4 Novemba 2025.

Mpendwa Kemilembe, mwana wa kaka yangu,

Natumaini baridi ya Ujerumani haijakumaliza, na kwamba unakula ukashiba, si mikate tu. Kifua kimepona? Sisi huku hatujambo. Goti langu linasumbua mvua ikinyesha, lakini kilima bado nakipanda.

Ujumbe wako nimeusoma: "Shangazi, waachie tu kibanja." Siwaachii hilo shamba la migomba la baba yako.

Jumamosi ukoo ulikaa kikao. Baba yako mdogo Buberwa akasimama: "Huyo mtoto anashika almasi huko Ulaya. Migomba ya marehemu ya nini tena, waitu?" Wazee wakaitikia. Kosa ni langu. Nilijisifu kanisani kwamba unatengeneza vifaa vya almasi, nao wakaona pete na majumba.

Nikasimama na mimi. Nikawaambia hiyo almasi imekuzwa maabara, ni utando tu juu ya waya mwembamba kuliko unywele, wa kusikilizia umeme wa seli. Nikawaeleza na ile sauti ya utrasaundi, isiyosikika kwa masikio, inavyolegeza ngozi ya seli ili dawa ipenye, kisha ngozi ijifunge. Mzee Lwakatare akauliza kama itatuliza mikono yake inayotetemeka. Nikamjibu kweli: bado, ndiyo maana unahangaika. Buberwa akacheka. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, na siyaonei haya.

Kisha kikapu cha akamwani kikapitishwa. Unajua kahawa hiyo kwenye vikao vyetu: ukiitafuna, umeridhia. Wote walitafuna. Mimi nilichukua buni moja, nikaifunga kwenye pindo la kitenge wakinitazama.

Jumapili Buberwa akapanda mulamula, ile mimea ya kuwekea mpaka, katikati ya kibanja, hadi ubavuni mwa kaburi la baba yako. Niling'oa zote kwa mikono yangu, nikamrundikia mlangoni. Jana akapanda tena. Leo asubuhi nimeng'oa tena. Anasema atanipeleka baraza la kata. Anipeleke! Karatasi aliyoandika marehemu baba yako Gozbert, yenye jina lako na sahihi za mashahidi, ninayo mimi.

Kwa hiyo usiniandikie habari za kuacha, si kibanja wala utafiti. Unasema elektrodi, huo waya wako wa almasi, imekatika mara ya tatu. Basi tengeneza ya nne. Mimi mwenyewe sijachoka kung'oa.

Annastella na wanawe wa Kemondo wanakusalimu sana. Mzee Lwakatare naye amepita hapa jioni, akaniomba nikuambie anajuta kutafuna.

Mungu akutangulie katika hiyo maabara na akurudishe salama. Njoo Krismasi, uketi kwenye kikao hichohicho. Buni yangu bado imefungwa kwenye kitenge. Nitaitafuna siku watakapolitaja jina lako juu ya kibanja cha baba yako.

Wako akupendaye,
Shangazi Jovita