Pengo Kwenye Boma

Lisbrannagh, Roscommon
Jumatatu, 14 Juni

Dada Dympna mpenzi,

Pokea salamu nyingi kama mvua ya hapa kwetu, zitakazobaki waogee majirani zako huko Perth. Hujambo? Shemeji je? Mimi mzima, na bado ndiye kijana mzuri kuliko wote parokiani, ila mgongo umekwisha. Baba yupo, anakula viazi vyake.

Unalalamika siandiki. Dada, nimechoka. Nyasi za akiba za ng'ombe tumevuna sisi wawili tu, siku tisa, kazi ambayo majirani wakija huisha kwa siku mbili. Hawakuja. Nilimfuata Mzee Geraghty, akasingizia eti kiti cha trekta lake kimevunjika. Nikamwambia basi akalie kichwa chake, maana hakina kazi nyingine. Hapo ndipo akatoa la moyoni: haingii shamba la mtu aliyekata boma la Watu Wema, mizimu ya tutani inayolipiza kisasi kwa watoto, na yeye ana wajukuu.

Ndiyo, boma letu limekatwa. Lile lile tuta la duara ambalo Baba hulivulia kofia kila asubuhi, na hajawahi kuvunja hata kijiti cha mti wake wa miiba. Akaja mkaguzi wa mambo ya kale, Bibi Hession, na buti za mpira na kamera. Akasema boma hilo lina zaidi ya miaka elfu moja na linalindwa na sheria. Tena aliyeziba pengo kwa udongo wa mtaroni ameliharibu mara ya pili. Akauliza ni nani. Baba akasema ni yeye. Akaulizwa mara tatu, mara tatu akasema ni yeye. Kesi ni Alhamisi ijayo, na watu wanasema hata jela inawezekana. Mzee wa miaka sabini na moja!

Dada, ni mimi. Baba alikuwa amekwenda kuhiji kanisani Knock. Nikaazima katapila, nikalikata boma kufungua njia ya mkato ya ng'ombe kwenda kunywa maji, ili akirudi akiri kuwa nina akili kukuzidi. Udongo ukatoa mkaa na mifupa. Nikaogopa, nikafukia kwa koleo mpaka viganja vikachubuka, nikidhani nikiziba litarudi kuwa boma lile lile. Baba aliporudi aliitazama mikono yangu, kisha akalitazama boma. Tangu siku hiyo, jioni ananimiminia chai mimi kwanza. Hicho ndicho kinachonichosha, si nyasi.

Leo nimeandika barua mbili, mimi ambaye shule ilinishinda. Ya kwanza ni ya Bibi Hession, mistari minne, na nimeitia posta kabla ya kuanza hii. Najijua: ningeanza na yako, ningeishia hapo. Baba bado hajui kuhusu barua hiyo. Yuko zizini anakama, na nikimaliza kutia sahihi naenda kumwambia.

Nisalimie shemeji, umbusu mtoto kwa niaba ya mjomba wake, nawe ujitunze.

Ni mimi mdogo wako,
Fintan